Mafuta ya Kupima

Mtoto akitimiza miaka saba hupewa pesa yake mwenyewe, na kitu cha kwanza anachonunua ndicho kinachompangia kazi ya maisha. Anayenunua kalamu huenda shule. Mimi nilinunua chumvi, na mpaka leo napika kwenye majiko ya watu.

Kwa hiyo nilimkaririsha binti yangu Shemsa mwezi mzima.

"Utaomba nini?"

"Kalamu, mama."

Leo aliingia dukani peke yake. Mimi nilibaki nje ya kioo na mdomo wangu nimeufumba, maana mzazi akitamka neno, mtoto hufutwa kwenye orodha ya kazi. Kumbe nilisahau kwamba duka lile ndiko ninakomtuma kila jioni.

"Karibu, Shemsa," alisema muuzaji. "Nikupe nini?"

Akajibu kama anavyojibu siku zote: "Shikamoo. Naomba mafuta ya kupima na kitunguu kimoja."

Muuzaji alinitazama, akasita, kisha akapima.

Mashine ya mlangoni inayosajili kazi za watoto ikatangaza: "Shemsa Mbwana. Jikoni."

Akatoka mbio, anacheka. "Mama, sijamwaga hata tone! Na chenji yako hii hapa."