Daftari Safi la Pimbi

Alikuwako Pimbi, katibu wa kikundi cha wachimba visima. Tangu serikali ya Simba itangaze ruzuku kwa vikundi, roho yake ilikuwa juu juu. Mihtasari ya vikao vyao ilijaa ugomvi na majina ya watoro! Basi akaandika daftari jipya: kila kikao adhuhuri, wanachama wote wapo, hakuna aliyepinga. La zamani akampa Mchwa alitafune.

Korongo, mkaguzi wa serikali, akalifungua lile jipya, akasoma majina ya wanachama. “Hata Bundi huhudhuria adhuhuri?”

“Hakosi, mheshimiwa,” Pimbi akajibu.

Juu ya tawi, Bundi akakoroma.

“Ndugu katibu,” akasema Korongo, “kikundi kisichogombana sikiamini. Niletee daftari lenu la kweli, niitie sahihi ruzuku yenu sasa hivi.”

Pimbi akageuka. Mchwa alikuwa anapangusa mdomo.