Spika Mbili za Ukumbini

Fundi Shebwana alipiga mlio mmoja mzito wa kujaribia spika mbili za ukumbi. Kila moja peke yake ilinguruma. Zilipolia pamoja, katikati ya ukumbi mlio ulififia kama umemezwa. Alichungulia nyuma ya spika ya kushoto. Waya alizozifunga mwenyewe zilikuwa kinyume: spika moja ikisukuma hewa, nyingine ikiivuta.

Haya zikamjaa usoni. Jana, mbele ya watu, alimwambia Bi Mwanakheri, mwimbaji wa sauti nzito aliyeimba kupitia spika hizo hizo, "Bibi, sauti imekwisha. Pumzika."

Alizigeuza waya. Mlio ukajaa hadi madirisha yakatetemeka.

Bi Mwanakheri alikuwa mlangoni, amefuata mto wake wa kukalia.

"Mwanangu, na sauti hiyo nayo jana ilikuwa imekwisha?"

Mlio ulizidi kunguruma. Shebwana hakuthubutu kuuzima.