Nyekundu ya Vita

Kipande cha bawa la ndege ya vita kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya. Laurette alikishika, damu ikamchemka.

"Nani kakipiga msasa?"

"Mimi, dada," fundi wake akajibu. "Si unasemaga bati zee, msasa kwanza? Rangi yake ilikuwa imefifia."

"Ile ndiyo rangi yenyewe! Wakati wa vita Waingereza walipaka nembo za ndege zao rangi nyekundu iliyofifia makusudi, zisionekane kwa mbali. Mteja wetu, yule mzee wa Morningside, alituachia kipande hiki tumchanganyie rangi inayofanana nayo. Kimetoka kwenye ndege aliyofia baba yake!"

"Eish."

Honi ya mzee ikalia getini mwa gereji.

Laurette akaokota msasa, akaukung'utia kwenye kiganja cha fundi. Ukamwagika unga mwekundu kama wa tofali.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Mwambie baba yake ndiye huyu."