Mkanda wa Shemeji

Fundi wa bayogesi alipofika mbio, mumewe alikuwa ameshaanguka ndani ya shimo la samadi, alikoingia kuzibua bomba. Shemeji yake alikuwa ameingiza mguu mmoja ili amfuate. Fundi akamdaka mkanda kwa mikono miwili.

"Ukishuka hutoki. Humo ni gesi tupu."

"Shemeji, niache. Ni kaka yangu."

"Na ni mume wangu. Kalete feni ya ghalani tupulize hewa."

Shemeji alimng'ata mkono. Damu ikamchuruzika hadi kiwikoni, lakini fundi hakuachia, ingawa moyo wake wote ulikuwa kule chini. Mwishowe shemeji alilegea, akatimua mbio ghalani.

Feni ilipoanza kunguruma, fundi alipiga magoti akachungulia. Kidole kimoja cha mumewe kilikuwa kikikwaruza saruji.