Ukitikisa, Inafuta

Kwenye programu niliyounda, ukitikisa simu, ulichoandika kinafutika. Nikampa baba aijaribu pale saluni kwake, kabla hajaanza kunyoa wateja.

Akaandika jina lake. Likafutika. Nikacheka. Akaandika tena, polepole. Likafutika.

“Kitu chako hiki kibovu, mwanangu.”

Nikaichukua simu, nikaandika mimi. Maneno yakatulia tuli. Nilipomrudishia yakafutika, na ndipo nikakiona kidole gumba chake, chenye kovu la wembe, kikicheza chenyewe.

“Tangu lini, baba?”

“Mama yako asijue,” akasema, akautia mkono mfukoni.

Mlango ukafunguka. Mteja wa kwanza akajitupa kitini, akafumba macho, akainua kidevu.

“Ndevu tu, mzee.”

Baba akautoa mkono mfukoni, akachukua wembe.