Sauti ya Nyevu Ilikubali

Nyevu Charo alifika mkutanoni na chupa ya maji ya kisima chake, ili wakaguzi wa mazingira waone kitakachoharibiwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Karani alitazama kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe umeshatoa maoni."

"Lini? Ndiyo kwanza naingia!"

"Sauti yako imeyatoa asubuhi."

Kisheria kila raia alikuwa na sauti pacha ya kompyuta, iliyojifunza maneno yake kutoka kwenye simu, na ndiyo iliyomsemea katika mikutano ya umma. Karani akaifungulia. Nyevu akaisikia sauti yake mwenyewe ikicheka, kisha ikisema, "Haya wanangu, jengeni. Kisima tutachimba kingine."

"Huyo si mimi!" Nyevu alipiga meza. "Kisima kile alikichimba baba kwa mikono yake! Nani kawapa ruhusa ya kukubali kwa niaba yangu?"

"Ukipinga utakuwa unajipinga mwenyewe, mama. Sheria hairuhusu mtu mmoja kusema mara mbili."

Askari wawili walimburuta nje huku akiwatukana.

Nyumbani alimsimulia mumewe, Karisa. Karisa aliyakwepa macho yake.

"Lakini una hakika hukusema, mke wangu? Nimeisikia redioni. Hata kicheko ni chako."

Nyevu alifungua mdomo amjibu, akasita. Aliogopa jinsi sauti yake itakavyosikika masikioni mwa mumewe.