Posa ya Fundi wa Magwanda

"...wiki moja, afande! Sheria imesainiwa juzi tu, wino haujakauka, na yeye huyo mlangoni kwa mama na posa!"

Afisa ustawi wa kambi, mama mmoja mwenye nyota tatu begani na sauti ya kubembelezea watoto, alimwonyesha kiti. Binti hakukaa. Habari ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na mtu aliyejaa vile akikaa anapasuka.

"Anza mwanzo, mwanangu. Mama yako ni nani?"

"Mjane wa koplo, nyumba ya mwisho mstari wa pili, ile ya mlango wa kijani. Baba alifia kazini nikiwa darasa la tatu."

"Na mwenye posa?"

"Fundi. Yule mshona magwanda, kibanda chake kinatazamana na geti."

Afisa alimjua. Nani kambini hamjui Fundi? Nusu ya suruali za kikosi zimepita chini ya cherehani yake. Mpole, anacheka kwa pua, hana mke, hana makuu. Na hapo ndipo binti alipoanza kumshuku, maana mwanaume asiye na kasoro hata moja, kwa maoni yake, ameificha mahali.

Tena yeye sheria ameisoma. Ile ya bajeti ya ulinzi, nzima, kwenye simu, safari yote ya kurudi kutoka chuoni. Wenzake walishangilia nyongeza ya mishahara ya askari wakaishia hapo. Yeye akaendelea mpaka huko ambako hakuna anayefika: magwanda sasa yatatoka kiwandani, mafundi wa kiraia kwaheri. Kurasa chache mbele: mjane wa askari akiolewa, hatolewi tena nyumba ya kambi wala hakatwi pensheni.

"Unaona akili yake, afande? Ukurasa mmoja umemnyang'anya kazi, ukurasa mwingine umemwonyesha mjane. Mama yangu ndiye cherehani yake mpya."

Afisa alicheka kidogo. "Na zamani mjane akiolewa ilikuwaje?"

"Anatolewa."

"Na akiolewa akanyamaza?"

"Hiyo jinai, na sheria mpya haimsamehe. Inaanzia ndoa za mwezi huu. Mimi nimesoma mpaka mwisho." Alisema hivyo kwa fahari, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole peke yake darasani.

"Lakini inawezekana unamwonea tu mzee wa watu. Una kitu gani zaidi ya hizo tarehe?"

Hapo sasa. Binti akavuta kiti, akakaa.

Jumapili Fundi alipokuja kuposa, mama alimtilia chai sukari bila kumuuliza anaweka kiasi gani. Sawa, pengine ni kiwewe cha kuposwa. Lakini lile bomba la jikoni, ambalo hata binti mwenyewe akirudi likizo linamtoa jasho! Ukilifunga ndiyo linazidi kumwaga, mpaka ulinyanyue kwanza halafu ulizungushe kinyume. Fundi aliingia kunawa mikono, akalinyanyua, akalizungusha, huyo akatoka anajifuta. Halafu jioni umeme ukakatika, mama akaanza kupapasa akitafuta mshumaa, na sauti ya Fundi ikatoka gizani, taratibu kabisa: "Juu ya kabati, nyuma ya redio."

"Mgeni huyo, afande. Siku ya kwanza."

"Wewe unaonaje?"

"Naona anaingia mama akiwa kazini. Anaipima nyumba yetu kama anavyopima watu viuno."

Safari hii afisa hakucheka. Alikuwa ameacha kuchezea kalamu. "Wewe miaka hii yote ulikuwa nyumbani?"

"Mimi bweni tangu darasa la tano, kisha chuo. Ndiyo maana akaona mama yuko peke yake."

"Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Ananiambia, 'Muache Fundi, mwanangu, kuna mambo huyajui.' Ameshapumbazwa, basi tena."

"Kwa hiyo unataka tufanye nini?"

"Mumchunguze. Ameanza lini kuingia ile nyumba, nani alimwona akiingia, nani alimwona akitoka. Majirani waulizwe wote. Akiwaambia wiki moja, msikubali."

"Tutauliza," afisa alisema polepole. Akainuka, akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo binti alilichukua kuwa heshima kubwa.

Nyumbani alifika karibu anaruka. Mama alikuwa sebuleni anapiga pasi, na binti akamwagia yote kwa pumzi moja: alichosema, alichoulizwa, jinsi afisa mwenye nyota tatu alivyomsikiliza bila kumkatiza, na majirani watakaohojiwa kuanzia asubuhi.

"Usiogope, mama. Hakuna mtu atakayekutoa kwenye nyumba ya baba, mimi nikiwa hai."

Mama akachomoa pasi ukutani. Akafunga dirisha, akarudi, akakaa juu ya nguo alizokuwa ameshazikunja, kama hazioni.

"Majirani wote?"

"Wote, mama. Na wa mstari wa kwanza."

Mama alimtazama bila hasira.

"Mimi na Fundi tulioana ukiwa kidato cha kwanza," alisema. "Mengine nitakueleza kesho, tukiwa tunafunga mizigo."